Mama Stumai, Aliyewauliza Wanaume Walikotoka

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Stumai Hezekia anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja katika maabara ya Zahanati ya Mningani, hapa pembeni ya pori la akiba. Alikuja akiwa binti mwembamba kutoka Misigiri, na sanduku la bati kichwani. Alikuta hadubini moja na chumba kisicho na umeme. Akasogeza meza dirishani, akapimia damu kwa mwanga wa jua. Wengi wenu amewachoma vidole, msijifanye mmesahau.

Kazi iliyompa jina ni ya malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Huku kwetu mvua ikigoma, mahindi yanakauka yakiwa magotini. Miti ya karibu tumeimaliza kwa mashamba na mkaa, na mizinga iliyobaki kijijini wanalala mijusi. Kwa hiyo baba wa watoto anaingia porini kurina asali. Mwenye kibali anaenda bila wasiwasi. Asiye nacho anaenda kwa kujificha, na akirudi hasemi.

Mbung'o haulizi kibali. Akikung'ata mwenye vimelea, homa inakuja kama ya malaria. Unameza dawa ya malaria, unaona nafuu kidogo, halafu unaanza kusinzia mchana ukiwa na jembe mkononi, na usiku unazurura ukiongea peke yako. Watu wanasema umerogwa. Waliofikia hapo, wengi tumewazika. Lakini mgonjwa akisema mapema alikotoka, damu yake inawekwa kwenye hadubini, anawahishwa hospitali kubwa, anapona. Uhai wote unaning'inia kwenye jibu moja, na mganga wa zahanati akiuliza, kila mwanaume alikuwa shambani.

Mama Stumai ni Mnyiramba, na wagonjwa wetu wengi ni Wanyamwezi na Wasukuma, watani zake. Mtani hakasirikiwi. Alikuwa anamwambia mtu mbele ya benchi zima: "Wewe Mnyamwezi mwizi wa asali, nyuki wamekukimbia kwa harufu, mbung'o ndio wamekuvumilia. Hebu nione walipokubusu!" Benchi linacheka, na mgonjwa anacheka pia. "Mla mlenda wewe, umejuaje?" Huku anapandisha suruali, na uvimbe ule hapo. Waliopona walimletea asali. Aliwafokea: "Ondoa ushahidi huo mezani kwangu, peleka jikoni."

Kwa asiye mtani, mambo yalikuwa magumu. Haya yanayofuata yeye mwenyewe ameniambia niyaandike, nisiyapambe.

Mwaka ule mvua ilipokatika mapema, alikuja Ignas, mume wa binti yake Eliana, akiwa na homa. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, sembuse kutaniana. Mganga alimuuliza, akasema shamba. Mama Stumai alimchoma kidole akiwa ameangalia ukutani. Kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, na kweli alikuwa nayo. Hakuuliza zaidi. Hakutazama mguu. Damu haikuwekwa kwenye hadubini.

Ignas alikufa kabla ya mavuno, akiwa hamjui tena mke wake wala watoto wake wawili. Eliana hakumtupia mama yake neno. Aliacha tu kumletea wajukuu jioni.

Tangu hapo Mama Stumai aliuliza kila mtu, mlango ukiwa umefungwa: mkwe, shemeji, mchungaji, shehe. Wazee walimwita, wakamwambia anavunja mila. Akawajibu, "Mila niliitunza mara moja. Kaburi lake mnalijua."

Sisi wahudumu wa afya wa kijiji ametufundisha hivyo hivyo, kwa ukali na kwa chai. Mwezi wa tatu alikuja baba mkwe wangu anatetemeka kwa homa. Mama Stumai alinikabidhi sindano, akatoka nje akanifungia. Mtoto alikuwa mgongoni. Nilipiga goti, shikamoo baba, marahaba mwanangu. Nikauliza alikuwa wapi. Akasema shamba. Mwanamke aliyeolewa hamuulizi baba mkwe mara mbili. Nikamuuliza mara ya pili. Mtoto akaanza kulia, ndipo akavua kofia, akasema.

Alikokwenda siandiki, yamebaki chumbani mle. Vimelea vilionekana, na gari likamwahisha. Tangu arudi hajanisemesha. Hata ruhusa ya kuandika kwamba aliumwa ameitoa kupitia kwa mama mkwe. Lakini anakula, anatembea, na jana nilimwona akifukuza mbuzi kwenye mtama wetu huku akiwatukana kwa sauti nzima. Nilisimama pale nikamsikiliza mpaka akamaliza.

Mama Stumai, wapo ambao hatukuwahi kuwaokoa, na leo tunawakumbuka pamoja nawe. Asante kwa damu zetu ulizozitazama moja moja. Rudi Misigiri salama, Mungu akupe uzee wenye afya na wajukuu wakujaze nyumba. Wanaume wa Mningani wataendelea kusema walikuwa shambani. Nasi tutauliza tena.

Dorkas (Mama Chediel)
Mhudumu wa afya wa kijiji, kwa niaba ya wafanyakazi wenzake