Kilio Kwenye Mazishi ya Mfalme

Usiku wa kuamkia leo, muziki wa mazishi ya mfalme wa filamuni ukimalizikia, taa nyekundu ya kurekodi bado inawaka na okestra nzima imebana pumzi kwa sababu hata kikohozi ni marufuku, kitu kililia. Chembamba, mara moja, kikanyamaza. Na mtunzi, badala ya kuvunja kijiti chake cha kuongozea, akafuta machozi akasema sauti hiyo hiyo, msiiguse. Sasa ni asubuhi, benchi la nje ya studio, hapa Hollywood, kahawa mkononi, na Verna mpiga kinubi amekaa pembeni akikwepa macho ya wenzake, maana yeye anajua kilicholia, na akijulikana kazi hana, na mume yuko vitani Korea, na mlezi jana aliugua ghafla, angemwacha wapi mtoto?

— Ni tromboni yako, Kambare, alisema Ngurumo, mpiga ngoma.

Kambare akapangusa sharubu.

— Hii hailii ovyo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Verna akapaliwa na kahawa.

— Basi paka, alisema Ngurumo. Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala.

— Sasa kaondoka au kalia? Sikiliza, Ngurumo. Ni yule mwigizaji wa filamu bubu aliyefia humo studioni. Maisha yake yote hakupewa neno la kusema, jana kapata nafasi.

— Bubu atalia vipi?

— Ndiyo maana alilia kidogo.

Akatokea Edith, mnakili noti za muziki, wiki yake ya kwanza, kalamu sikioni.

— Samahanini. Mtunzi anataka kilio kile tena, saa nane. Nani alikipiga?

Kambare akachungulia kikombe chake kitupu.

— Ni mwanangu, Verna akajikuta anasema, maneno yakimtoka kwa mpigo, ana miezi minne, alilala ndani ya mfuko wa kinubi, nilimnyonyesha kabla, naapa nilimnyonyesha.

— Ukichelewa kumnyonyesha leo, saa nane atalia? Edith akauliza.

— Simshindishi mwanangu njaa kwa ajili ya mfalme wa ndevu za gundi.

Edith akachomoa kalamu sikioni.

— Basi nitasema ni kiti kilicholia. Kimevunjika, kimetupwa. Mtunzi abaki na kilio cha jana.

— Sema ni kiti changu, alisema Ngurumo akishika tumbo lake kubwa. Ataamini.

Wote wakamgeukia Kambare.

— Mbona mnanitazama mimi? Simwambii mtu. Hata mke wangu, na mnajua anavyonihoji.