Miaka Thelathini na Moja ya Jilo Buya na Presha ya Oili

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Fundi Mkuu Jilo Buya anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Ovaroli yake ya bluu ameshairudisha stoo ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, jambo ambalo halijawahi kutokea katika karakana yetu ya Garsen.

Aliingia Ushirika wa Maji ya Mpunga mwaka 1994 kama msafishaji wa vyuma, akitokea Hola na cheti kimoja na spana mbili. Baada ya miaka saba akawa fundi, na mwaka 2009 akakabidhiwa injini zote za pampu kuanzia Garsen hadi Ngao. Amefundisha mafundi kumi na wanne. Wote wanamwogopa mpaka leo, na wote wakipata mtoto humpigia simu yeye kabla ya wakwe zao.

Mwenye haraka hakumpenda Fundi Jilo asubuhi. Injini iliyofungwa upya haikuwashwa mbele yake mpaka izungushwe kwanza bila kuwaka, pole pole, hadi sindano ya geji ionyeshe kuwa oili imefika juu. Wakulima watapiga miayo mferejini, yeye anamwagiza Halima wa hoteli chai ya pili. Ukimhimiza, anakuuliza kama wewe ukiamka hutoka kitandani mbio. Siku ya harusi ya binti yake Safiya kule Tarasaa, jenereta ya muziki ilizima. Baba wa bibi harusi akavua kanzu, akalala chini na fulana yake, na muziki ukarudi. Mkewe, Mama Mariam, amezificha picha za siku hiyo.

Lakini huwezi kumtaja Jilo Buya bila kuutaja mwaka 2022. Mto ulikuwa umeshuka mno, na pampu kubwa ya Ngao ikawa haina nguvu ya kuvuta maji kutoka chini vile. Ekari mia mbili za mpunga zilikuwa zinatoa maua. Siku kumi bila maji, basi, tungevuna malisho ya ng'ombe. Fundi Jilo akaiongezea injini nguvu kwa kuifungia turbo, feni inayoisukumia hewa zaidi. Siku mbili maji yalikwenda mpaka tukaimba. Siku ya tatu ikanoki, ikagonga kwa ndani na kusimama. Tulipoifungua, pistoni mbili zilikuwa zimeyeyuka vichwa.

Ajabu ni kwamba presha ya oili ilikuwa juu kuliko wakati wowote. Tuseme ukweli, karakana hii ilikuwa na ugonjwa wa kuipenda geji. Sindano ikisimama juu, tunapongezana na kwenda kula. Fundi mmoja mgeni, aliyetoka gereji za malori Malindi na maringo yake yote, aliwahi kuifunga injini ile Jilo akiwa likizo. Akaziba nozeli sita za ndani, zile zinazorusha oili kwenye tumbo la kila pistoni ili ipoe. Aliona zinapoteza presha. Kweli sindano ilipanda, na sifa akapata. Bila turbo injini ilivumilia, lakini moto wa turbo ni mwingine kabisa.

Jilo alipoviona vizibo hivyo hakupiga kelele. Alimwita yule fundi nyuma ya tangi la dizeli, akamwambia avitoe mwenyewe, vyote sita. Wengine wetu tulishauri oili nzito na springi ngumu kwenye vali ya oili ili presha ipande zaidi. Akakataa katakata. Presha, alitueleza, inaonyesha oili inavyobanwa njiani, lakini pistoni hupozwa na oili inayopita. Springi akaiacha kama ilivyo, akafunga pampu ya oili kubwa zaidi, ili nozeli zipate oili ya kwao na beringi za krenki, mhimili mkuu wa injini, zisilale njaa.

Pistoni mpya zilipofika kutoka Mombasa, alilenga nozeli moja moja kwa waya, mchirizi upige tumbo la pistoni na si kwingine. Tulizijaribu kwa pampu ya mkono kabla ya kuzirudisha pistoni. Mchirizi wa kwanza ulipiga bati la paa. Wa pili ulipiga shati jeupe la Mwenyekiti wetu, Mzee Ubeid, aliyekuwa amekuja kuuliza tumefika wapi. Tulicheka mpaka tukakaa chini, na mzee mwenyewe akacheka.

Siku ya nane tangu injini inoki, maji yalifika shamba la mwisho, na mpunga ukavunwa. Akina mama wa Ngao walimbeba Jilo juu juu, naye akilalamikia mgongo wake.

Kisha kamati ya ushirika ikauliza ni nani aliyeziba nozeli. Yule fundi alikuwa bado kwenye miezi yake ya majaribio. Akitajwa tu, kazi hana. Jilo ndiye aliyejibu: "Iliyokosea ni karakana, na mkuu wa karakana ni mimi."

Akaandikiwa barua ya onyo, ya pekee katika utumishi wake wote. Aliitia sahihi akarudi kazini. Hajawahi kumkumbusha yule fundi hata kwa utani, na mnamjua Jilo kwa utani.

Fundi yule ni mimi, Levis Mramba, ninayeandika haya, na kuanzia tarehe 1 Julai ndimi nitakayekalia kiti chake. Nimenyamaza miaka mitatu, na ninaona haya. Leo, mbele yenu nyote, naiomba kamati iitoe barua ile kwenye faili lake na kuiweka kwenye langu. Maombi nimeshayaandika na sahihi nimeshaitia.

Asante, mwalimu wangu. Sote hapa tunakuombea afya na miaka mingi ya raha pamoja na Mama Mariam. Nenda nyumbani na faili safi.