Mama Sumari Alipochagua Kurudi Utawala

Tarehe 30 Juni 2025 Mama Elinipa Sumari, Mkuu wa Idara ya Utawala katika halmashauri yetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Aliingia akiwa karani wa masjala. Anaondoka akiwa mtu ambaye karibu kila mfanyakazi amewahi kukaa mbele ya meza yake na shida mkononi.

Mama Sumari alizaliwa Nkoaranga, kwa wazazi waliolima kahawa na migomba. Alisoma masomo ya jioni huku akifanya kazi na kulea watoto wawili, hadi akapata shahada. Wenzake wanasema utani wake ulikuwa wa taratibu. Dereva wetu, Mzee Lesian, aliwahi kuomba ruhusa ya kumzika mjomba yule yule kwa mara ya pili. Mama Sumari alimpa ruhusa na rambirambi juu, akamwambia, "Nisalimie mjomba. Mwambie safari hii apumzike kweli." Mzee Lesian mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na alicheka mpaka akafuta machozi.

Nilipoanza kujitolea masjala mwaka huu, baada ya kumaliza kidato cha nne, sikujua tofauti ya mkurugenzi na mtu wa utawala. Mama Sumari alinieleza. Mkurugenzi ndiye mwenye kauli ya mwisho, anasaini, anajibu mbele ya madiwani. Mtu wa utawala anakaa na watu wenyewe, likizo zao, misiba yao, ugomvi wao. Yeye alizifanya kazi zote mbili, na ilibidi achague moja.

Mwaka 2014 mkurugenzi wetu alihamishwa ghafla, na Mama Sumari akateuliwa kukaimu. Alikaimu vizuri. Maji yalifika stendi, na wauza mboga walipewa eneo jipya bila kufukuzana na mgambo. Lakini chai ya saa nne, ambayo alikuwa akiinywa kantini na wenzake miaka yote, sasa aliletewa ofisini kwenye trei, imefunikwa kitambaa. Alisikia vicheko vya kantini kupitia ukutani. Siku moja alibeba kikombe chake akawafuata. Meza nzima ilisimama. Mzee Lesian akasema, "Mheshimiwa, kuna gari linahitajika?" Akajibu hapana, akarudi na kikombe chake.

Rafiki yake mkubwa hapo ofisini alikuwa Bi Marta, muuguzi aliyekuwa mratibu wa chanjo. Walizaliwa mwaka mmoja na waliajiriwa mwaka mmoja. Wakati huo zahanati moja ya juu mlimani ilikuwa haina muuguzi, na akina mama walikuwa wanajifungulia njiani, kwenye matope ya masika. Muuguzi aliyeweza kupelekwa alikuwa Bi Marta peke yake, naye alikuwa anamuuguza mama yake mzazi, nyumbani kwao Lemara. Alikuja akaomba, "Elinipa, nipe miezi sita tu." Kaimu Mkurugenzi alisaini uhamisho siku ile ile.

Masika hayajaisha, mama yake Bi Marta akafariki, na Bi Marta yuko mlimani. Mama Sumari alikwenda mazikoni, akasimama nyuma kabisa. Zamu ya kupeana mikono ilipofika, Bi Marta aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, Mkurugenzi." Mtu wa rika lake.

Haya yote Mama Sumari ndiye aliyeniambia. Alisema niyaandike, la sivyo nisiandike kabisa.

Wiki chache baadaye alipigiwa simu kutoka mkoani. Aliulizwa kama yuko tayari jina lake lipendekezwe kwa ukurugenzi kamili. Aliomba usiku mmoja wa kufikiri. Asubuhi alijibu kwamba anaomba kurudi utawala. Wengine walisema ameogopa madiwani, wengine walisema amechezea bahati. Nilipomuuliza sababu alisema, "Nilikuwa najua tuna wafanyakazi wangapi. Nilikuwa sijui tena nani anaumwa."

Aliporudi idarani, watu waliendelea kusimama kila alipoingia, kwa mazoea. Naye kila mara aligeuka kuangalia ni mkubwa gani anakuja nyuma yake. Ilichukua muda mrefu mpaka wakazoea kukaa. Bi Marta hakurudi. Alibaki kwenye zahanati ile mpaka alipostaafu kwa hiari mwaka jana, akahamia Sekei.

Katika miaka hii kumi Mama Sumari alianzisha utaratibu wa kumtembelea kila mfanyakazi mgonjwa, na kabla hajaandaa uhamisho wowote humwita mtu na kumuuliza nyumbani anamwacha nani. Sasa yeye mwenyewe anakwenda kwenye nyumba yake ya Njiro. Mumewe, Baba Sumari, alishatangulia mbele ya haki, watoto wako Dodoma na Mwanza. Aliniambia nyumba ni nzuri, ila ina vyumba vingi.

Niliomba ruhusa ofisini, nikampigia Bi Marta kumwalika kwenye sherehe hii ya kumuaga Mama Sumari. Nilimwamkia, nikaeleza, naye akanijibu. Maneno yake ameruhusu niyaandike, na Mama Sumari anayasoma hapa kwa mara ya kwanza kama ninyi nyote: "Mwanangu, ukumbini sitakuja. Mambo ya hotuba siyawezi. Ila mwambie Elinipa alisaini vizuri. Nimezalisha watoto kule siwezi kuwahesabu. Mwambie iliniuma na bado inauma. Na mwambie nipo, siku zote nipo, geti halina mbwa."

Mama Sumari, halmashauri nzima inakushukuru. Kuanzia kesho hakuna uhamisho wa mtu utakaopita mikononi mwako. Tunakuombea afya na miaka mingi, na Njiro hadi Sekei si mbali. Asante, Mama. Nenda.