Mama Onja, Aliyetusafirisha kwa Sufuria

Leo tunamsindikiza dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Onja, kwa kuwa hakuna aliyepita mlangoni kwake bila kuambiwa, "Hebu onja." Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa kike, ndiye anayeusoma. Familia imemwomba asiseme mengi. Atajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi cherehani na mkunga. Mdogo wake alimfuata baada ya miaka miwili, na tangu hapo akawa anamfuata tu: kwa nguo, kwa madaftari, kwa sifa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza sekondari mwaka 1974. Katika sayansikimu hakuna aliyemkaribia. Mwalimu alikuwa akimuuliza mdogo wake mbele ya darasa zima, "Wewe si ndugu yake yule? Sasa mbona hivi?" Jibu la swali hilo halijapatikana mpaka leo.

Mwaka 1976 aliajiriwa posta, akakaa dirisha la vifurushi vya nje hadi alipostaafu mwaka 2012. Kila aliyekuja kuchukua kifurushi alitia saini, kisha akaulizwa, "Huko kilikotoka wanakula nini?" Majibu yaliingia kwenye daftari lenye jalada la bluu. Ndivyo zilivyoanza safari za Jumapili. Ijumaa alipitisha vikaratasi chini ya milango ya majirani: "Jumapili tunakwenda Uturuki. Saa saba kamili." Katika jiko lile lenye meko mawili na dirisha lisilofunga vizuri, alitupeleka Meksiko, Japani na Italia. Tambi za Italia alizikanda mwenyewe, akazianika kwenye migongo ya viti vya sebuleni. Wageni walijilamba vidole. Mdogo wake naye alikula, sahani mbili, huku roho ikimuuma. Alimwonea wivu dada yake, na hakuna haja ya kuficha, maana wote mlikuwa mkimwona.

Tarehe 6 Desemba 1980 marehemu aliolewa na fundi redio. Fundi huyo alikuwa amekuja kutengeneza redio ya mdogo mtu. Akaonjeshwa wali wa Kiajemi, na redio ikachukua wiki tatu kupona. Walijaliwa binti mmoja, ambaye sasa ni muuguzi.

Mdogo wake alijua kupika kitu kimoja tu, maharagwe. Marehemu alipoyala mara ya kwanza alikomba sahani, akaongeza, kisha akauliza:

"We, humu unaweka nini?"

"Siweki kitu. Maji, kitunguu, chumvi."

"Acha uongo!"

Miaka arobaini aliuliza, miaka arobaini akajibiwa hivyo hivyo. Mdogo wake alikuwa na hilo moja tu la kumshinda dada yake, akaling'ang'ania.

Februari 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya koo. Kufikia Juni alikuwa hamezi ila vya majimaji. Mdogo wake akampelekea mchuzi wa maharagwe uliochujwa. Alimeza kijiko kimoja, akamshika mkono. "Mdogo wangu, niambie basi. Mimi wa kitandani nitamwambia nani?" Mdogo wake akacheka. "Ukipona nitakwambia." Hakupona. Alifariki tarehe 9 Agosti, saa tatu asubuhi, mikononi mwa binti yake.

Juzi binti alilifungua lile daftari. Kila ukurasa una jina la nchi, isipokuwa mmoja, ulioandikwa "Maharagwe ya mdogo wangu." Marehemu aliyajaribu mara kumi na nne, kila jaribio na tarehe yake: kwa mdalasini, kwa kuyaloweka siku mbili, kwa chungu cha kuazima. La mwisho linasema: "Bado. Mkono wake sina. Namwonea wivu."

Dada, huwa yanashika chini. Mdogo wako huyaacha motoni akaenda kupiga soga na jirani, akirudi yameanza kuungua, basi huyachota juu juu asiguse ukoko. Wewe hukuwahi kuunguza sufuria maishani mwako, usingeweza kujua. Ni hilo tu.

Marehemu ameacha mume, binti, wajukuu wawili, na mdogo wake, aliyechelewa kusema. Apumzike kwa amani, na wivu wetu sote wawili upumzike naye.