Kitambaa cha Ndengu

Akina mama, wazee wetu, na nyinyi vijana mnaofunga masanduku ya kwenda bweni wiki ijayo, nawasalimu kwa upendo wa Mungu. Kiongozi wetu aliniomba niwape mawaidha ya shule. Mawaidha sina. Nina jambo moja nililolificha miaka mingi, hata mzee wangu aliyekaa hapa amelijua jana tu. Majina sitataja, maana wengine bado tunakutana pale Makutano tukinunua mboga.

Nyinyi mnanijua kama mwalimu mstaafu aliyetoka Embu. Embu ni kweli, lakini ni ukweli wa kukwepa. Mimi ni Mmbeere, nimezaliwa kule chini Kiambere, kabla bwawa halijajengwa. Tulilima ndengu na mawele, tukafuga mbuzi, tukaomba mvua. Nilipopita mtihani, nikaitwa shule ya wasichana huku juu Meru. Mama aliimba njia nzima kutoka kwa chifu mpaka nyumbani, barua akiwa ameishika mkononi.

Siku ya kwanza bwenini tuliulizana makwetu. Nilisema Kiambere kwa sauti, nikijivuna kabisa. Msichana wa kitanda cha jirani akavuta sanduku lake upande ule mwingine. Mwenzake akasema, "Kumbe ni wale wa kamuti." Kama kuna kijana hajui, kamuti ni dawa ya kuroga watu. Nyumbani kwetu sikuwahi kuiona. Niliisikia huku, nikaambiwa ni yangu.

Jumamosi moja nilipika uji wa unga wa mawele niliotoka nao nyumbani, nikawaita wenzangu. Sasa, kwetu anayekaribisha huonja kwanza mbele ya wageni. Ni heshima, nyanya yangu alitufunza tukiwa wadogo. Nikaonja, nikampa yule jirani yangu wa kitanda kikombe. Akanitazama. "Mbona umeonja? Kwani umeweka nini?" Vikombe vyote vilimwagwa kwenye ua wa kayaba. Uliobaki kwa sufuria niliunywa peke yangu, na sikusikia utamu wake.

Ndugu zangu, nawaambia, upweke wa mtu katikati ya watu ni mgumu kuliko wa mtu aliye porini. Nilifua nguo wenzangu wakishamaliza. Nilikula pembeni mwa meza. Mwalimu mmoja, na alikuwa mtu mwema tu, alitania darasani, "Huyo msimkasirishe, hamtaamka." Darasa likacheka. Nikainama nikaandika tarehe mara tatu. Basi nikajifunza Kimeru nikakiongea kama wao, nikafikiri hapo nitapumzika. Likizo nilipofika nyumbani mama akaniuliza, "Mwanangu, mbona unaongea kama mgeni?" Huku nilikuwa wa kule, na kule nikawa wa huku. Nililia nikichunga mbuzi, na mbuzi hawaulizi.

Kidato cha pili sweta yangu ilipotea. Nilikuwa nimechoka. Nikasimama mlangoni mwa bweni nikasema, "Aliyeichukua, tumbo lake litamwambia." Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Kabla ya chakula cha jioni sweta ilikuwa juu ya kitanda changu, tena imekunjwa.

Hapo ndipo nilipoanguka. Mama alikuwa amenifungia mbegu za ndengu kwenye kitambaa, nipande kwenye shamba la somo la kilimo. Nikakining'iniza kile kitambaa juu ya kitanda, nikanyamaza. Sikudanganya mtu, niliwaacha tu waamini ni kamuti. Kwenye foleni ya maji wakaanza kunipisha. Hakuna aliyenicheka tena. Na nisiwafiche, nilipenda. Kama hawanipendi, basi waniogope.

Muhula wa pili tukagombana na yule jirani yangu juu ya ndoo. Nikatazama kitambaa, nikamwambia, "Sawa. Tutaona." Maneno mawili tu. Msichana akaacha kula. Siku ya tatu akashindwa kusimama wakati wa maombi. Muuguzi wa shule alimpima kila kitu, ugonjwa hakuona. Akalazwa kwenye chumba cha wagonjwa, midomo imekauka, chai akipewa anaitema. Wazazi wake walitumiwa habari waje wamchukue. Mimi nilikuwa najua dawa yake, na bado nikanyamaza siku mbili nzima.

Mpishi wetu alikuwa mama mmoja wa kutoka Mikinduri. Aliniita jikoni akichambua maharagwe.

"Mwari, binti yangu, kwa kile kitambaa kuna nini?"

"Ndengu."

"Ndengu tu?"

"Ndengu tu, mama."

"Na umewaacha waseme ni kitu kingine."

"Wao ndio walianza."

"Ndiyo, wao walianza. Lakini yule mtoto akifa, ni wewe utakuwa umemaliza."

Hakunipigia kelele. Aliweka ungo chini, akaniambia nilete kitambaa. Tukaenda naye mpaka chumba cha wagonjwa. Yule msichana aliponiona akageukia ukuta, akavuta blanketi mpaka mabegani. Nikafungua fundo, nikamwaga mbegu kwenye blanketi lake. Nikamwambia, "Sina kitu. Sijawahi kuwa na kitu. Nyanya yangu anachunga mbuzi na mama yangu anaimba kwaya. Nilitaka tu mniogope." Mpishi akazikusanya, akaenda kuzichemsha. Nikaonja mimi mbele yake, mpishi naye akala kutoka sahani hiyo hiyo. Kisha mkono wake ukatoka kwenye blanketi, ukachukua kijiko.

Mnangoja niseme tukawa marafiki. Hatukuwa. Alipona, akamaliza shule, na hakuna siku aliniomba msamaha kwa ule uji. Miaka miwili iliyobaki nilikula pembeni vile vile. Lakini Jumapili nilikuwa naenda jikoni, na yule mama aliniambia nimfundishe Kimbeere. Alikiongea vibaya sana. Ndiye mtu wa kwanza huku juu aliyetaka kusikia kwetu kukoje, na kwa ajili yake sikutoroka shule. Amelala sasa, Mungu amrehemu. Namshukuru yeye, na mama yangu aliyenipokea kila likizo hata nikija nimebadilika.

Funzo langu ni hili, wazazi: mtoto akiitwa jina baya kila siku, kuna siku ataitika.

Na sijamaliza. Jumapili iliyopita tulikuwa tunagawana kazi za mkutano wa wilaya. Dada yetu mmoja, aliyehamia hapa kutoka kule chini, akajitolea kupika. Mtu akatania, "Huyo asishike sufuria, tutakwisha." Tukacheka. Mimi pia nilicheka, mwalimu mzima, Mmbeere wa Kiambere. Binti yake alikuwa pale akipanga viti, na nilimwona akisimama kidogo, halafu akaendelea kupanga.

Binti, najua uko hapa. Nakuomba msamaha mbele ya hawa wote. Mimi ni wa kwenu. Mama yako akianza kupika nitakuja kumsaidia kuchambua maharagwe, na nikiulizwa natoka wapi, nitasema.