Mbio za Kipikipiki cha Baba

Nilipanda basi la mwendokasi Gerezani. Kwenye kiti cha mbele yangu, jamaa mmoja alikuwa amepakata sproketi mpya, gia ya meno ya kuvutia mnyororo, aliyotoka kuinunua Kariakoo. Baada ya shikamoo na marahaba, bibi wa ushungi aliyekaa pembeni yake akamuuliza ni ya nini.

"Ya kipikipiki alichoniachia marehemu baba. Injini inalia kama inataka kupasuka, lakini hata spidi arobaini hakifiki. Nikifunga hii nyuma, yenye meno machache, injini itatulia na mbio zitaongezeka."

"Usiifunge," bibi akasema. Nikaacha kutazama simu.

Akaeleza kwamba enzi za uchumba, Abdulhamid wake alikuwa akimpakia kwenye kipikipiki kama hicho kumrudisha kwao Upanga. Kililia mtaa mzima, na baiskeli zikiwapita. Siku moja naye akafunga sproketi ndogo. "Kikakimbia kweli. Tukawa tunafika hata hatujamaliza kuongea! Nikamwambia arudishe ile kubwa."

"Akairudisha?"

"Akairudisha, na akanioa." Akacheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya ushungi. "Wewe una haraka ya kwenda wapi, mwanangu?"

"Sina haraka, mama. Ila baba alitamani sana kukiona kinafika themanini. Amekufa hajakiona."

Bibi akaichukua ile sproketi, akapitisha kidole taratibu juu ya meno. Tulipofika Kivukoni milango ikafunguka, watu wakaanza kushuka, na bado alikuwa ameishika.