Samadi Mbichi ya Dubow

Benchi la kahawa la Soko la Mbuzi, Garissa, halikosi ubishi, na Alhamisi hiyo ya mwaka tisini na tano mbishi alikuwa Dubow, maana kisima kilikuwa chake. Juzi pipa la dawa ya kupe lilimpasukia hatua kumi tu kutoka kisimani, kwenye mchanga mtupu. Yeye, bila kumuuliza mtu, akafunika pale kwa mikokoteni minne ya samadi mbichi ya ng'ombe. Sasa alitaka aambiwe maji ni salama, na kahawa yake ilikuwa inapoa.

— Samadi inanyonya sumu, au siyo, mwalimu?

Musyoka, mwalimu wa kilimo wanayemwita Darubini, akapuliza kikombe.

— Inanyonya, lakini si yoyote. Dawa ile ina tabia ya mafuta, haipatani na maji. Samadi mbichi nayo inapenda maji mno, kwa hivyo haiishiki sawasawa. Dawa inapita, inateremka. Ungechota ile nyeusi ya boma la zamani, iliyooza miaka. Ile imeshaachana na maji, ndiyo inayoing'ang'ania.

— Wallahi, kwetu kitu kibichi ndicho chenye nguvu! Maziwa je?

— Kwani umemwaga maziwa?

Ahmednoor, jina la kijiweni Redio, akadakia bila kuitwa.

— Udongo una koo, jamani. Ukoo wa maji, ukoo wa mafuta. Sumu inatafuta shemeji tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Methali hiyo si ya sumu, Redio.

— Ni ya mgeni yeyote! Huyu asipopata shemeji hapa, atapita chini kwa chini mpaka Mandera, avuke mto Daua aingie Ethiopia bila kitambulisho!

Wakacheka. Dubow hakucheka.

— Maji yakimwagika hayazoleki, Darubini akasema.

— Hii si maji, ni dawa! Itazoleka! Dubow akafoka. Ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kuogopa.

Hapo akafika Hinda, mama muuza maziwa aliyehamia mtaani juma hilo, akatua dumu lake.

— Asalaam aleykum. Adeer Dubow, kwani hakuna aliyewakataza wanawake kuteka kisimani kwako? Nimepita sasa hivi, foleni imefika barabarani.

Redio akamtazama Darubini. Darubini akainamia kikombe. Dubow akakumbuka alivyomwambia mkewe, Qali: usihofu, nimeshafunika, teka tu. Siku mbili nzima walikuwa wamebishana juu ya mchanga, na hakuna mwanamume hata mmoja pale aliyewahi kubeba maji.

Dubow akainuka, akashika kikoi chake kwa mikono miwili, akakimbilia kisimani.